Nyanda Nne Chini ya Goti

Mwezi wa kwanza wa kujifunza sindano sikumgusa binadamu hata mmoja. Nilichoma tishu. Kila mwanafunzi alikunja bunda la karatasi laini, akalifunga kwa uzi hadi likakaza kama ngumi, na tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne kazi ilikuwa moja: ingiza, zungusha, inua, shusha, toa. Sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, haina tundu kama ile ya hospitali. Ni waya mtupu wa chuma kisichoshika kutu, unene wake robo ya milimita, na ukiisukuma kwa pupa inapinda. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye mikono midogo, alikuwa akipita nyuma yetu kimya. Anachomoa sindano ya mtu yeyote, anaiviringisha kwa kidole juu ya kioo cha meza. Iliyonyooka inateleza moja kwa moja. Iliyopinda inarukaruka. Yangu ilirukaruka wiki tatu.

Baada ya tishu tulihamia kwenye kipande cha sabuni, baada ya sabuni tufaha. Leo hapa Mbeya nikimwelekeza kijana namwanzishia kwenye parachichi la Rungwe, kwa sababu ganda lake lina ubishi kama ngozi ya kisigino na ndani kunaachia ghafla, na hapo ndipo mkono unatakiwa uhisi: pale pagumu panapokwisha na palaini panapoanza.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaonisimamisha pale Mwanjelwa, nikiwa na mfuko wa viazi mkononi, kuniuliza: dada, hii tiba ya sindano inasomewa wapi, na inachukua muda gani? Wengi wao wana moyo wa kazi. Wengi pia wameshaambiwa na mtu kwamba ni kozi ya wiki moja. Jibu langu ni refu na pale sokoni haliishi, basi leo nalitoa lote.

Kwangu mimi lilianza kwa Baba. Alifanya kazi TAZARA wakati reli inajengwa, kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule kwenye mahandaki na madaraja, ambako wajenzi waliteseka kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia. Ujenzi ulianza 1970, na 1975 reli ilikuwa imeunganishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Baba hakuwa mtu wa kusimulia, lakini hadithi moja aliirudia kila tulipopita stesheni ya Iyunga. Mwenzake mmoja, Mbena wa Njombe, mgongo ulimkaza akiwa ameinamia taruma, akashindwa kunyanyuka. Daktari wa kambi ya Wachina akaagiza alazwe kifudifudi juu ya mbao, akampandisha suruali, akamchoma sindano mbili nyuma ya magoti.

"Mgongo ndio unauma," Baba alikuwa akisema, "yeye anachoma magoti! Tukajua huyu hakuelewa lugha."

Sehemu niliyoipenda ni ile ya mwisho, kwa sababu Baba hakuiongezea kitu. Yule Mbena hakuruka juu kama aliyefufuka. Alisaidiwa kukaa, akapumzika siku mbili, akarudi kazini. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, darasani Jinan, China, mwalimu alibandika mchoro wa nyuma ya mguu, akaweka kidole katikati ya mkunjo wa goti, akasema pale panaitwa Weizhong na ndipo wanapopatafuta watu wa sindano mtu akiugua kiuno. Niliandika jina lile daftarini mara tatu. Baba alikuwa hai bado. Nilimpigia usiku uleule nikamwambia: yule daktari alielewa lugha.

Lakini kabla ya Jinan nilitapeliwa, na hili lazima niliseme. Mwaka 2011 nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Nikasikia kuna kozi ya akupancha Dar es Salaam, siku tano, shilingi laki nne na nusu. Nikaomba likizo, nikapanda basi, nikashuka mteremko wa Kitonga usiku nikiwaza jinsi nitakavyorudi na kitu cha kuwasaidia wale wazee wa viuno wanaopewa diklofenaki mpaka tumbo linawawaka. Siku ya kwanza tulifundishwa historia. Siku ya pili tulioneshwa picha. Siku ya tatu tulichomana wenyewe kwa wenyewe, mabegani, na hakuna aliyetuambia pafu linaanzia wapi. Siku ya tano tukapewa cheti chenye muhuri mwekundu na tukapigwa picha. Waliotufundisha sitawataja. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wenzangu wawili wa kozi ile walifungua vyumba vya tiba mwezi uliofuata, wakiwa na cheti kile ukutani, na watu waliwavulia nguo kwa imani yote.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa akupancha mwaka 1999. Humo linapendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa mtu asiye daktari anayetaka kuifanya kazi hii kikamilifu, na kati ya hizo zisipungue 1,000 za vitendo. Hata daktari aliyekwisha kuhitimu, anayetaka tu kuongeza sindano kwenye kazi zake, anawekewa saa 200. Siku tano, hata ukisoma bila kula, ni saa arobaini. Mtu akikuuzia cheti kwa saa arobaini, amekuuzia karatasi, na atakayeilipia ni mgonjwa wako.

Mwaka 2012 nilipata ufadhili wa serikali ya China, nikaenda Jinan, mji mkuu wa jimbo la Shandong. Jimbo lile halikuwa geni kwetu kama nilivyodhani. Timu za madaktari wa Kichina wanaokuja Tanzania Bara zimekuwa zikitoka Shandong tangu 1968, na wale wa Zanzibar, walioanza 1964, wanatoka Jiangsu. Siku ya pili tu chuoni mzee mmoja mwenye mvi alinisikia nikijitambulisha, akanisogelea akasema, "Habari za asubuhi, mama," kwa lafudhi ya Dodoma kabisa. Alikuwa ametibu huko miaka miwili. Nililia. Nilikuwa sijasikia Kiswahili siku nne.

Mwaka mzima wa kwanza ni lugha. Wanaotaka kusoma kwa Kichina hawana njia ya mkato, na ushauri wangu ni usome kwa Kichina ukiweza, kwa sababu mgonjwa wa hospitali hatakueleza maumivu yake kwa Kiingereza. Kichina kinabadilisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Sisi tunalo jambo linalokaribia hilo katika barabara ya kupita magari na barabara ya kukubali kwamba jambo limenyooka, ila kwao ni kila neno. Neno la pointi ya sindano, yaani mahali pa kuchoma, ni *xue*, na neno la damu ni *xue*. Sauti ndiyo inayotenganisha. Katika chumba cha tiba, hayo si maneno mawili ya kuchanganya.

Kisha miaka mitano ya shahada. Wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba karibu nusu ya masomo ni yaleyale ya hospitali: anatomia, fiziolojia, magonjwa, dawa, kusoma picha za eksirei. Nusu nyingine ni tiba yao: yin na yang, yaani pande mbili zinazopingana na kukamilishana, viungo na njia zinazounganisha viungo, kusoma ulimi, kushika mapigo ya mkono kwa vidole vitatu. Mapigo yanagawanywa aina 28, na vidole vyangu vilichukua miaka miwili kutofautisha saba hivi kwa uhakika. Pointi za njia kuu ni 361. Zinakaririwa kwa mashairi, na hapo nilikuwa nyumbani, maana mtu aliyelelewa na bibi anayeimba kila kitu hasumbuliwi na shairi.

Kinachosumbua ni kuipata pointi kwenye mwili wa mtu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko iliko shule yenyewe. Wachina wanapima mwili kwa kipimo kinachoitwa *cun*. Ukitafuta tafsiri utaambiwa ni inchi, na tafsiri hiyo itakupoteza. Cun moja ni upana wa dole gumba kwenye kiungo chake. Vidole vinne vikibanwa pamoja, upana wake ni cun tatu. Wazee wetu walipima hivyohivyo: wanda, yaani upana wa kidole kimoja, nyanda nne, shubiri, dhiraa. Bibi yangu alipima kitambaa kwa dhiraa na kina cha shimo la kupandia kwa nyanda, bila futi wala rula. Nilipofundishwa cun nilijiona nimefika, nikasema moyoni, hiki ninakijua tangu utotoni.

Mwaka wa nne tulipoanza kuingia kliniki, nilipangiwa mzee mmoja mrefu sana, fundi bomba mstaafu, anaumwa tumbo la kujaa gesi. Pointi iliyotakiwa ni Zusanli, nyanda nne chini ya goti, kwa upande wa nje wa mfupa wa ugoko, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wake. Jina lenyewe linabeba *li* tatu, kipimo chao cha mwendo, na wanafunzi husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akiitunza pointi hiyo anapata nguvu ya kutembea li tatu nyingine. Nikaweka vidole vyangu vinne chini ya goti la mzee, nikaweka alama, nikachukua sindano.

Mwalimu aliondoa mkono wangu. Hakusema kitu. Aliuchukua mkono wa mzee, mkubwa kama sahani, akauweka juu ya mguu wa mzee mwenyewe. Vidole vyake vinne vilishuka hadi chini ya alama yangu, karibu sentimita mbili.

Cun ni ya mgonjwa. Dole gumba ni la mgonjwa, nyanda ni za mgonjwa. Vitabu vinaeleza hili tangu ukurasa wa mwanzo na mimi nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12, iwe ni kichanga wa Tukuyu au mcheza kikapu. Bibi yangu alipopima kwa dhiraa alikuwa akipima kitu cha nje, kwa hiyo alitumia mkono wake. Hapa mwili ndio kitambaa na ndio dhiraa. Nilikaa na jambo hilo jioni nzima bwenini, nikijipima mkono, nikimpima mwenzangu Mnigeria mkono, nikirudia.

Wazee wao walikuwa na mtihani mkali kuliko ule. Mwaka 1027, enzi za wafalme wa Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za watu kwa shaba, ukubwa wa mtu mzima, zenye matundu madogo mahali pa pointi. Inaelezwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta juu ili matundu yasionekane, ndani ikajazwa maji. Mwanafunzi anachoma. Akipata, maji yanatoka. Akikosa, sindano inagonga shaba. Niliposoma habari hiyo nilitamani tungekuwa nayo, maana mtu wa nyama ana huruma, atakuambia "sawa sawa" hata ukimkosea.

Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini shule ya sindano inakudai ujigange kwanza. Sindano yangu ya kwanza kwenye nyama niliichoma mguuni mwangu mwenyewe, hiyohiyo Zusanli, usiku, taa ya meza imewashwa, Januari, nje baridi chini ya sifuri. Mtoto wa Mbeya nilidhani ninaijua baridi. Ngozi ilipita bila maumivu. Kisha kina cha sentimita mbili hivi kikaja kitu nisichokitarajia: uzito, kama mtu amebonyeza mfupa kutokea ndani, halafu mvuto ukashuka polepole hadi juu ya unyayo. Wao wanaita *de qi*, qi imefika, qi ikiwa ile nguvu wanayosema inapita mwilini. Wagonjwa wangu wa hapa wana maneno yao. Wengine husema "inavuta", wengine "kama umeme", na mama mmoja wa Mbalizi aliniambia mguu wake umekuwa kama una mimba. Naandika maneno yote hayo kwenye daftari, kwa sababu mgonjwa akisema "inachoma kama moto" au "kali kama wembe", hiyo siyo yenyewe, na sindano inarudishwa nyuma mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo gumu.

Nikiwa mwaka wa tano nilisoma utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata akupancha kamili, pointi sahihi. La pili lilichomwa juujuu, mahali pasipo pointi. La tatu lilipata matibabu ya kawaida: dawa, mazoezi, fiziotherapia. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. Katika kundi la tatu, asilimia 27.4. Mpaka hapo moyo wangu ulikuwa unacheka. Kisha nikaona kundi la pili, wale waliochomwa popote: asilimia 44.2.

Karibu sawa na sisi. Miaka minne ya nyanda na mashairi, na tofauti ni asilimia tatu na kidogo.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilitaka kutafuta kasoro ya utafiti, na kasoro hazikosekani katika utafiti wowote, lakini nilijua ninatafuta kwa sababu nimeumia. Kilichobaki ukweli ni hivi: watu wale wa sindano, za kweli na za uongo, walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata matibabu ya kawaida, na hilo ni jema kwa mzee wa kiuno. Na pia: sina haki ya kumwambia mgonjwa kwamba nafuu yake imetoka kwenye tundu moja tu ninalolijua mimi. Tangu hapo sijawahi kusema hivyo. Anayeniuliza kama nitamponya namwambia tutajaribu mara sita, tukiona hakuna badiliko tunaacha, na pesa yako uende nayo kwa mtu mwingine.

Kwa nini basi bado ninapima? Niliulizwa hili na kijana ninayemwelekeza, alipousoma utafiti huohuo mwaka jana, na jibu nililompa lilikuwa la mkasa.

Mwaka wangu wa pili tangu nirudi, alikuja dereva wa lori wa njia ya Tunduma. Safari ndefu, mguu wa kushoto unauma, anataka sindano za haraka apakie mzigo jioni. Nikamlaza, nikaanza kupima: mkono wake juu ya mguu wake, kulia kwanza, kisha kushoto. Kulia, vidole vilikaa sawa. Kushoto havikukaa. Shavu la mguu lilikuwa limejaa, ngozi imevutika, na nilipoweka kiganja lilikuwa la moto kuliko la kulia. Sikufungua pakiti ya sindano. Nilimwita kijana wa bajaji ninayemwamini, nikaandika barua kwa mkono, nikawapeleka wote wawili hospitali nikiwa nyuma yao. Lilikuwa bonge la damu kwenye mshipa. Bonge kama lile likikatika linakwenda kwenye mapafu.

Mtu anayechoma popote asingeweka mkono pale. Asingekuwa na sababu ya kulinganisha mguu na mguu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sidai zaidi yake: kupima kwa nyanda za mgonjwa kunakulazimisha umshike mgonjwa, polepole, pande zote mbili, kabla hujafanya lolote.

Hoja ya pili ni pafu. Juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, kuna pointi inaitwa Jianjing ambayo kila mwenye kubeba mzigo anaitamani ichomwe, kwa sababu ndipo msuli unapojifunga fundo. Kwa mtu mwembamba, sehemu za kifua na mgongo wa juu pafu linaweza kuwa sentimita moja au mbili tu chini ya ngozi. Ukipitiliza, hewa inaingia kifuani na pafu linasinyaa. Ajali hiyo ni adimu mikononi mwa waliofunzwa: Wajerumani haohao walifuatilia wagonjwa 229,230 waliotibiwa na madaktari waliosomea sindano, wakachapisha 2009, na waliopatwa na hewa kifuani walikuwa wawili. Lakini wale walikuwa madaktari waliofunzwa. Nikikumbuka tulivyochomana mabegani siku ile ya tatu ya kozi ya Dar, mwili unanisisimka.

Niliporudi 2018, jambo la kwanza lilikuwa usajili. Kwetu kazi hii iko chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa tiba na vituo vyao. Anza na mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, peleka vyeti halisi, vumilia. Usifungue mlango kabla. Na kisanduku cha njano cha kutupia sindano kiwepo kabla hata ya kitanda. Kila sindano kwa mtu mmoja, mara moja, basi. Mtu akikuambia anazichemsha azitumie tena, toka mbio, maana homa ya ini na virusi vya Ukimwi havina habari na uzoefu wa mtu.

Chumba changu kiko barabara ya kwenda Uyole. Wagonjwa wangu wengi ni wa migongo, magoti na mabega: wachuma chai wa Rungwe, wakulima wa viazi wa Uporoto, mama lishe, madereva. Wengine wana uso uliopooza upande mmoja, na hao nawapokea wakishaonwa na daktari, ili tuwe na hakika si kiharusi. Mwenye homa simgusi, aende akapime malaria. Mama mjamzito namuuliza miezi mara mbili, kwa sababu zipo pointi za mkononi na mguuni ambazo tumefundishwa kuziacha kabisa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Dawa iko wapi?" Sindano kwetu maana yake ni kuingiziwa kitu. Wengine wanafananisha na chale, wengine na kuumikwa kwa pembe, na hao hawako mbali, maana mababu zetu nao waliutibu mwili kwa kuugusa kutokea nje. Pembe lile la kuumikia ndilo chuku, na neno hilohilo tunalitumia kwa mtu anayevimbisha habari. Naliweka mbele ya macho kila ninapoeleza kazi yangu. Nasema: hamna dawa ndani, ni chuma kitupu, mwili wako ndio unaojibu, na mara nyingine haujibu.

Kosa langu kubwa la hapa nyumbani sitalificha. Mwaka wa kwanza alikuja binti mchuma chai, ametoka Tukuyu na gari la alfajiri, bega haliinuki. Nikampima vizuri, nikamchoma akiwa amekaa. Sindano ya nne uso ukabadilika rangi, jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, macho yakapanda. Nilitoa sindano zote, nikamlaza chini, nikainua miguu yake juu ya kiti, nikampa maji ya uvuguvugu yenye sukari alipoweza kumeza. Dakika kumi akawa sawa. Hakuwa amekula tangu jana yake mchana. Sikumuuliza. Vitabu vyote vinasema uliza, na vinasema mgeni wa sindano alazwe, asikalishwe. Sasa kuna chupa ya uji pale mlangoni, na anayekuja na njaa anakunywa kwanza, ndipo tunazungumza.

Juma lililopita alikuja bibi mmoja wa Isongole, magoti yote mawili, mara yake ya tano. Kijana wangu ndiye aliyemhudumia, mimi nimesimama pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo usinipeleke mbio."

Kijana akakaa chini, akanyoosha vidole vyake vinne kuelekea goti. Kabla sijasema kitu bibi alikuwa ameshamzuia. Aliweka mkono wake mwenyewe, vidole vimepinda kwa miaka ya jembe, chini ya goti lake mwenyewe, akavibana.

"Hapa," akasema. "Zangu hizi."

Vilikuwa vimeelekea ndani mno. Kijana alimwomba ruhusa, akausogeza mkono wa bibi nusu wanda upande wa nje, akaweka alama, kisha akasubiri bibi aukague.